Kiti cha mtoto garini: usikimbilie kumgeuza mbele
Ukinunua cha mtumba, pindua usome kibandiko: mwisho wa matumizi, kilo, kimo. Muuzaji asipojua kama kimewahi kupata ajali, kiache. Mimi niliacha viwili.

Mtoto aangalie nyuma mpaka afikie kikomo cha kibandiko, hata miguu ikikunjika. Shingo yake bado changa. Akiwa ameangalia nyuma, asikae kiti cha mbele penye mfuko wa hewa kamwe. Mikanda itoke usawa wa mabega au chini kidogo; ukishamgeuza, usawa au juu. Finya mkanda begani: ukifinyika, umelegea, kaza.

Na jua letu hili! Kwenye foleni ya feri Likoni, kifungo cha chuma kilimwachia mwanangu alama nyekundu pajani. Sasa nikiegesha nafunika kiti kwa leso, na kifungo nakigusa mimi kwanza.