Tremolo ya kufunga nyuzi: ibadilishwe au iachwe?

Gitaa lenye tremolo hii, yaani brij (kipande cha chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) inayobana nyuzi na kuyumba kwa mkono wake, likianza kupoteza tyuni, wengi hukimbilia kununua brij mpya. Mimi husema subiri. Weka nyuzi mpya, zivute kwa vidole mpaka zitulie, tyuni, kaza vibano vya shingoni, kisha rekebisha tyuni kwa skrubu ndogo za brij. Sukuma mkono wa tremolo chini hadi nyuzi zilegee, uachie, soma tyuna. Halafu uvute juu, uachie, soma tena. Ikiwa baada ya kusukuma sauti inabaki chini kidogo, na baada ya kuvuta inabaki juu kidogo, brij inakwama pale inapoegemea nguzo zake mbili.

Itoe, umulike makali yake, yaani kingo zinazoegemea nguzo, kwa tochi. Makali mazima ni mstari ulionyooka. Yaliyokwisha yana kibonyeo, na ukipitisha ukucha unanasa hapohapo. Zishike na nguzo: zikicheza ndani ya mbao, hata brij ya bei mbaya haitakusaidia. Tengeneza mbao kwanza.

Makali yakiwa salama, tone la mafuta linatosha. Na kama shida yako ni sauti nyembamba tu, badilisha bloku ya chini (kipande kizito chini ya brij ambacho springi hushikizwa) iwe ya shaba. Springi na brij viache (pima urefu wa bloku ya zamani, zipo za 32, 37 na 42 mm).

Makali yameliwa? Hapo nunua, tena ya chuma kigumu. Ila pima kwanza katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo. Floyd Rose halisi (chapa maarufu ya tremolo hizi) hutaka 74.3 mm, na brij nyingi za kuiga hazifuati kipimo hicho. Vipimo vikitofautiana, utalazimika kuziba matundu na kutoboa upya, kazi ambayo kwa gitaa la bei ya chini siishauri.