Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Utotoni za Bustani ya Kihistoria: Mfano wa Birkenhead Park

Anayetaka kuandika kumbukumbu zake za utotoni za bustani mashuhuri hukutana na mtego kabla hajaandika hata mstari mmoja. Bustani hiyo imekwisha kuandikwa na wengi, na walichokiandika ni historia yake. Ukiichukua Birkenhead Park, iliyoko katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, utajikuta umejaza ukurasa mzima kwa habari kwamba ilisanifiwa na Joseph Paxton, kwamba ilifunguliwa rasmi tarehe 5 Aprili 1847, na kwamba huhesabiwa kuwa bustani ya kwanza nchini Uingereza iliyojengwa kwa fedha za umma kwa matumizi ya umma. Yote hayo ni kweli, ila hakuna mtoto anayeyawaza akiwa juu ya bembea. Mimi nilikulia mwendo wa dakika chache kutoka hapo, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa zilipita kurasa tatu kabla hajatokea mtoto yeyote. Nilizitupa, nikaanza upya kwa njia ninayoieleza hapa.

Kwanza, acha nia ya kuiandika bustani nzima. Sehemu iliyoachwa wazi kwa watu wote ina ukubwa wa ekari 125 hivi, na barabara iitwayo Ashville Road huigawa vipande viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja kikiwa na ziwa lake. Mtoto hana ekari 125. Ana njia moja ya kuingilia, mti mmoja wa kupanda, sehemu moja aliyokatazwa kufika na nyingine aliyofika bila ruhusa. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jiulize uliingilia lango gani. Kwenye malango ya Birkenhead Park kuna nyumba ndogo za walinzi zilizojengwa kwa mitindo mbalimbali, moja ya Kiitalia, nyingine ya Kigothi, nyingine yenye kingo za juu zilizokatwa kama za ngome, na liko pia lango kuu lenye nguzo nene za mawe. Watoto wa mtaa mmoja walizoea lango moja, hata watu wawili wa rika moja wakaweza kukua wakiwa na bustani mbili tofauti kabisa. Ukilijua lango lako, umekwisha kujua wapi utaanzia na mambo gani hayakuhusu.

Kisha andika yale ambayo mwili unayakumbuka, bila mpangilio na bila tarehe, kwenye karatasi ambayo hutamwonyesha mtu. Miguu na pua hukumbuka mambo ambayo macho yameyasahau, pengine kwa sababu macho yamekwisha kuona picha nyingi mno za mahali hapo. Nilipojaribu zoezi hili, daraja la mbao lenye paa, linaloitwa Swiss Bridge, halikunijia kama linavyoonekana kwenye kadi za posta. Lilinijia kama mlio. Unakuja mbio juu ya njia ya changarawe, kokoto zinalia chini ya viatu, mara unakanyaga ubao na mlio unageuka kuwa mzito na mtupu kama wa ngoma, huku paa likiurudisha kichwani mwako. Tulikuwa tukirudi nyuma na kuvuka tena kwa ajili ya mlio huo tu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba daraja lile lilikuwa refu sana. Nilipolivuka nikiwa mtu mzima, niliona kuwa ni hatua chache tu.

Hapo ndipo waandishi wengi hukosea. Wakigundua kwamba kumbukumbu na kipimo havilingani, huifuta kumbukumbu na kuweka kipimo mahali pake, au huomba radhi kwa msomaji kwamba utoto hukuza mambo. Nakushauri ufanye kinyume, yaani uuchukue ukweli wa mahali penyewe uutumie kutafuta ni kwa nini mtoto aliona alivyoona. Chukua ziwa la chini kwa mfano. Karibu kila aliyekulia pale hukuambia kwamba lilikuwa kubwa, halina mwisho, na kwamba mtu aliweza kupotea kando yake. Paxton alipokuwa akiitengeneza bustani hii kwenye ardhi iliyokuwa tambarare na yenye majimaji, udongo uliochimbwa kwenye maziwa ulitumika kuinua vilima vidogo kandokando ya maji, navyo vikapandwa miti na vichaka, huku kingo za maji zikipindwapindwa ili mtu asiweze kuliona ziwa lote kwa mara moja. Hata mtu mzima akisimama pale haoni ng'ambo yote. Sembuse mtoto ambaye macho yake yako chini ya vichaka. Mtoto hakukuza jambo lolote, bali aliona sawasawa kile ambacho msanifu alikusudia kionekane. Mimi sikupata kujua habari ya udongo ule mpaka nilipofikisha miaka arobaini, na nilipoijua sikuhitaji tena kubadilisha sentensi yangu isemayo kwamba ziwa halikuwa na mwisho.

Baada ya mwili, nenda kwenye ramani. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji na uchoraji ramani, zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambayo imeweka za Uingereza pia, na zile za vipimo vikubwa huonyesha njia za miguu, madaraja na hata vibanda. Chapisha kipande chako, kisha uchore kwa penseli njia uliyopita kutoka mlangoni kwenu hadi sehemu ya kuchezea. Mahali ambapo penseli inasita ndipo penye kisa, kwa kuwa hapo ama palikuwa na mbwa, ama na wavulana wakubwa, ama na njia ya mkato ambayo Mama hakutakiwa kuijua. Nyaraka za mji, kama vile kumbukumbu za vikao na picha, zitafute kwenye hifadhi ya nyaraka ya Wirral. Kumbuka tu kwamba hadi mwaka 1974 Birkenhead ilikuwa na halmashauri yake yenyewe ndani ya mkoa wa Cheshire, na tangu hapo imekuwa sehemu ya wilaya ya Wirral katika mkoa wa Merseyside, kwa hiyo usishangae ukikuta nyaraka za bustani ile ile chini ya majina tofauti.

Kuhusu tarehe, usimlazimishe mtu akutajie mwaka. Tafuta alama zitakazoutaja mwaka kwa niaba yake. Akisema maziwa yaliganda na watu wakatembea juu ya barafu kwa majuma mengi, kuna uwezekano mkubwa anazungumzia baridi kali iliyoanza mwishoni mwa Desemba 1962 na kudumu hadi mapema Machi 1963. Akikumbuka nyasi zilizokauka, huenda ni kiangazi cha 1976, mwaka wa ukame. Huo ndio mwaka nilioletwa Birkenhead, nikiwa na miaka sita, na jambo la kwanza ninalolikumbuka la bustani ile ni uwanja mpana wa rangi ya mkate uliochomwa. Nilidhani kwamba nyasi za Uingereza ndivyo zilivyo. Mvua iliporudi na uwanja ukaanza kuwa kijani, nilimwambia dada yangu kwamba watu wa halmashauri wamekuja kuupaka rangi, naye alinicheka hadi Krismasi.

Ukizungumza na watu waliokuzidi umri, uliza maswali madogo. Niliwahi kukaa na bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu, nikamwuliza bustani ilikuwaje siku zake. Akajibu kwamba ilikuwa nzuri, akanyamaza, akanimiminia chai. Nikamwuliza, "Mfukoni ulikuwa na nini, Bibi?" Akaweka birika chini. Alikuwa na kipande cha mkate kilichofungwa kwa karatasi, nusu ya bata na nusu yake mwenyewe, ingawa mara nyingi bata hawakupata kitu. Alikuwa na kamba, na sarafu moja ya manjano, nene, yenye pembe pembe, ambayo alikuwa akiizungusha kwa kidole gumba ndani ya mfuko mpaka ikapata joto. Aliponionyesha kwa kidole jinsi alivyoizungusha, mkono wake ulikuwa mkono wa mtoto. Sarafu hiyo ilikuwa ya peni tatu, yenye pembe 12, iliyoanza kutumika mwaka 1937 na kuondolewa mwaka 1971, mwaka ambao Waingereza waliacha kuhesabu shilingi 20 kwa pauni na peni 12 kwa shilingi. Kwa swali moja la mfuko nilipata mkate, kamba, kipindi na ukubwa wa mkono wake. Swali la "bustani ilikuwaje" lilikuwa limenipatia chai tu. Mwombe mtu ruhusa kabla ya kuandika maneno yake, mwulize kama anataka jina lake litajwe, na usiweke jina la mtoto mwenzake aliyeiba tufaha, hata kama imepita miaka sitini.

Suala la lugha linahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa sisi tulioishi mchana kwa Kiingereza na usiku kwa Kiswahili. Kuna vitu vya bustani ile ambavyo sikuwahi kuviita kwa Kiswahili, kwa kuwa nilipokuwa navyo mkononi hakuwapo mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili. Kikubwa zaidi ni conker, ile mbegu ngumu ya kahawia ya mti wa horse chestnut. Watoto huiokota Septemba na Oktoba, huitoboa, huitia uzi wa kiatu, kisha hupigana nayo kwa zamu mpaka mmoja avunjikiwe. Nilijaribu kuitafutia neno nikaona kila neno linaiua. Ushauri wangu ni kuliacha jina kama lilivyo na kueleza kitu chenyewe mara moja tu, kwa kirefu, mahali kinapotokea kwanza: ganda la kijani lenye miiba linapasuka chini ya kisigino, ndani yake mna mbegu inayong'aa kama meza iliyopigwa vanishi, na mng'ao huo hufifia ndani ya siku chache, jambo lililoniumiza kila mwaka kana kwamba sikulijua. Kwa upande mwingine, maneno ya nyumbani yaache yawe ya nyumbani. Mama hakuwahi kuuita ule udongo wa kando ya ziwa kwa jina lolote ila tope, na alilitamka kwa namna ambayo Kiingereza hakina.

Sasa unaweza kuirudisha historia, lakini iingie pale tu inapogusa jambo ambalo mtoto aliliona. Yale majumba makubwa yanayoizunguka bustani, kwa mfano, nilidhani kwamba wenyewe ndio wenye bustani na sisi wengine tunavumiliwa tu. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya mwaka 1843 iliwaruhusu wasimamizi wa mji kukopa fedha za kununulia ardhi, zikanunuliwa ekari 226, na viwanja vya pembeni vikauzwa kwa wajenzi wa nyumba ili kufidia gharama. Yaani fedha za majumba yale ndizo zilizosaidia kutulipia sisi bembea. Habari hiyo inastahili kuingia kwa sababu inajibu dhana ya mtoto. Vivyo hivyo Frederick Law Olmsted, Mmarekani aliyeitembelea bustani hii mwaka 1850 na baadaye akashirikiana na Calvert Vaux kubuni Central Park ya New York. Sehemu ya kisa chake inayonifaa ni kwamba alikwenda kuiona baada ya mwoka mikate wa mjini kumsihi asiondoke bila kufika. Nimeiweka kwa sababu hata wakati wangu mtu akikuuzia mkate Birkenhead alikuwa na la kukwambia kuhusu bustani. Lakini habari ya Eisteddfod ya mwaka 1917, sherehe kuu ya ushairi wa Kiwelisi iliyofanyika hapo hapo, ambapo kiti cha mshindi, Hedd Wyn, kilifunikwa kitambaa cheusi kwa kuwa alikuwa amekwisha kuuawa vitani, niliiondoa, ingawa iliniuma. Ni habari nzito kuliko zote za bustani ile, na nilipita mahali pake mara elfu bila kuijua, basi haikuwa yangu kuisimulia humo.

Rasimu ikikamilika, impe mtu mliyekuwa naye, si rafiki anayejua sarufi. Niliipeleka yangu kwa dada yangu, ikiwa na kisa cha siku nilipoteleza ukingoni mwa ziwa nikijaribu kunasa samaki wadogo kwa chupa ya jamu, nikapoteza kiatu kimoja na kurudi nyumbani nikiruka kwa mguu mmoja hadi langoni. Hakusema lolote kuhusu udongo wa Paxton wala majumba. Aliandika pembeni, kwa penseli, kwamba aliyeteleza ni yeye, kwamba mimi nilikuwa nimeshika chupa, na kwamba kiatu kilikuwa chake, cha shule, cha kushoto. Likikupata jambo kama hili, usiamue nani mkweli. Niliyaacha maelezo yangu kama yalivyokuwa, nikaweka yake chini yake kwa maneno yake mwenyewe, na sasa katika kurasa zangu ziwa lile lina viatu viwili.