Kuufanya mdomo wa katuni uufuate uso wa mwigizaji ndani ya Blender

Mwongozo huu unaunganisha kazi mbili ambazo wengi hujifunza kila moja peke yake: kufuatilia mwendo kwenye video, na kuchanganya maumbo ya mchoro. Video ya uso wa mwigizaji inatupa vipimo, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kila umbo la mdomo lichukue kiasi gani. Blender ni ya bure na ina zana zote mbili ndani ya faili moja. Zaidi ya kompyuta na simu, tafuta penseli nyeupe ya macho, ile ya vipodozi.

Kurekodi uso

Sehemu kubwa ya matatizo ya kufuatilia huanzia kwenye kurekodi, kwa hiyo usiharakishe hapa. Chora vidoti vinane vya upana wa milimita 4 hivi: kimoja juu ya mwanzi wa pua, katikati ya macho, kimoja kwenye ncha ya pua, viwili pembeni mwa pua, karibu na pembe za ndani za macho, viwili kwenye pembe za mdomo, kimoja juu kidogo ya mdomo wa juu na kimoja chini kidogo ya mdomo wa chini. Hivi viwili vya mwisho vikae nje ya mstari wa midomo. Ukiviweka juu ya midomo yenyewe, vitamezwa kila mwigizaji anapotamka m, b au p, na programu itavipoteza. Kwenye ngozi nyeusi, wanja hauonekani vya kutosha. Nyeupe ndiyo inayoshika. Kwa ngozi nyeupe, fanya kinyume.

Simu ikae kwenye kitu imara, usiishike mkononi. Uso uchukue zaidi ya nusu ya urefu wa picha ya 1920 kwa 1080. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, na uiweke 1/100 ya sekunde. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka 1/120 picha inaweza kuwa na mistari inayotembea. Shata ya polepole zaidi, kama 1/30, huvuta vidoti vikawa michirizi.

Kabla ya mazungumzo yenyewe, mwambie mwigizaji afumbe mdomo sekunde mbili, afungue mpaka mwisho, atabasamu kwa meno, kisha aseme “Baba, mpe mama uji moto.” Sentensi hiyo ina midomo inayofumba na midomo inayojiviringa, na ndiyo itakayotumika kupima kazi baadaye.

Simu nyingi hurekodi kwa fremu (picha moja moja za video) zinazobadilika idadi kila sekunde, jambo linalofanya mdomo uachane na sauti taratibu. Geuza video iwe picha zenye kasi moja kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i uso.mp4 -vf fps=30 -q:v 2 uso_%04d.jpg

Toa sauti pembeni kama faili ya wav. Kama kazi ni ya televisheni, tumia 25 badala ya 30, lakini namba hiyo iwe hiyo hiyo kwenye mipangilio ya Blender, sehemu ya Frame Rate.

Kufuatilia vidoti

Anza faili jipya la 2D Animation, kisha fungua dirisha la Movie Clip Editor na uingize zile picha. Bonyeza Set Scene Frames ili urefu wa tukio ulingane na video, halafu P ili picha zipakiwe kwenye kumbukumbu.

Shikilia Ctrl na ubofye juu ya kidoti. Utaona mraba mdogo wa ndani, ambao ndio sura inayotafutwa, yaani Pattern. Mraba wa nje, Search, ni eneo la kutafutia. Blender huanza na 21 na 71. Kidoti cha milimita 4 kwenye uso wa ukubwa tuliosema huwa na pikseli kama 12, kwa hiyo 21 inatosha. Kwa mdomo wa chini panua Search hadi 100 au 120, kwa sababu taya hushuka ghafla na kidoti huruka nje ya eneo. Usiipanue ya pembe za mdomo kiasi hicho bila sababu: eneo likiwa kubwa mno, alama ya kidoti kimoja hurukia kidoti cha jirani.

Motion Model, yaani aina ya mwendo unaotafutwa, iache Location (mahali tu) kwa vidoti vya pua. Kwa pembe za mdomo, ambako ngozi huvutika, LocRotScale (mahali, mzunguko na ukubwa) hushika vizuri zaidi. Washa Normalize kama mwanga unabadilika usoni. Match iache kwenye Keyframe: programu inalinganisha kila fremu na pale ulipoweka alama kwa mkono. Ukichagua Previous Frame, alama hupotea mara chache zaidi, lakini huteleza kidogo kidogo, na kufikia fremu ya 300 unakuta ipo kando ya kidoti huku programu ikiwa haijalalamika.

Bonyeza Ctrl+T ili ufuatiliaji uanze. Alama ikisimama katikati, ni kwa sababu ulinganifu umeshuka chini ya kiwango cha Correlation, ambacho kawaida ni 0.75. Kishawishi ni kukishusha hadi 0.5. Usifanye hivyo, nenda kwenye fremu iliyokwama, sogeza alama kwa mkono mpaka katikati ya kidoti, kisha Ctrl+T tena. Ikiwa imeshapotoka fremu kadhaa, rudi fremu ya mwisho iliyo sahihi na ubonyeze Alt+T kufuta kilichofuata. Baadaye badili dirisha liwe Graph: mstari unaochomoza kama mwiba kwenye fremu moja ni alama iliyoruka.

Chagua alama zote, kisha Link Empty to Track. Kila kidoti sasa kina Empty yake ndani ya tukio, yaani kitu kitupu kisichoonekana kwenye picha ya mwisho, kinachobeba mahali tu. Usizisogeze mbele wala nyuma, maana zikiwa na umbali tofauti kutoka kwa kamera, vipimo vyote vitapotoka. Ongeza kamera ya pili na uiandike kwenye sehemu ya Camera ya kila kizuizi (constraint) cha Follow Track, kile kinachoifanya Empty ifuate kidoti. Kamera ya katuni utaitembeza unavyotaka bila kuzivuruga.

Kuunda maumbo

Kwa mdomo tumia Bezier Circle. Kwenye Object Data chagua 2D, na Fill Mode iwe Both. Izungushe digrii 90 kwenye X ili iitazame kamera, na usiifanyie Apply Rotation: mchirizi (curve) wa 2D unaishi kwenye bapa lake lenyewe, na Blender itakataa. Igawe mara moja ili iwe na nukta nane. Ipe rangi ya Emission ili taa zisiiguse, na uisogeze kidogo kuelekea kamera isizame ndani ya uso.

Kamilisha mdomo uliofumba kwanza. Halafu, kwenye Shape Keys, yaani orodha ya maumbo ya kitu kimoja, bonyeza alama ya kujumlisha: hiyo ni Basis, umbo la msingi. Ongeza nyingine tatu na uziite funguka, tabasamu na mviringo. Chagua moja, ingia Edit Mode, sogeza nukta, toka. Kuanzia hapa usiongeze wala kufuta nukta hata moja. Kila umbo linakumbuka nukta ya kwanza ilikwenda wapi, ya pili wapi. Idadi ikibadilika, mdomo unajisokota.

Jambo la kuelewa ni kwamba kila nukta husafiri kwa mstari ulionyooka. Umbo linalotaka nukta zizunguke litasinyaa njiani: kwa mzunguko wa digrii 90, nusu ya safari umbo limebaki na asilimia 71 ya upana wake, na kwa digrii 180 linafikia sifuri. Mizunguko iachie Rotation, si maumbo.

Kuunganisha

Bofya kulia kwenye Value ya funguka, chagua Add Driver. Driver ni kanuni inayoiamua thamani hiyo kutokana na vipimo vya vitu vingine. Weka vigezo viwili vya aina ya Distance: m ni kati ya Empty ya juu na ya chini ya mdomo, k ni kati ya mwanzi wa pua na ncha yake. Kugawanya m kwa k kunaondoa tatizo la mwigizaji kusogelea simu. Chagua kipimo cha wima kwa kitu cha wima, maana mtu akiinamisha kichwa vyote viwili hufupika pamoja. Kwa tabasamu na mviringo, w ni kati ya pembe za mdomo na j ni kati ya vidoti vya pembeni mwa pua. Vyote ni vya mlalo.

Dirisha la Driver linaonyesha thamani za sasa. Soma uwiano mdomo ukiwa umefumba, kisha ukiwa wazi kabisa. Tuseme umepata 0.55 na 1.35:

min(max((m/k - 0.58)/0.77, 0), 1)

Nimeweka 0.58 badala ya 0.55 kwa makusudi. Alama hutetemeka kidogo hata mdomo ukiwa umetulia, na bila mwanya huo katuni haitafumba kabisa kwenye “mpe” na “mama”. Mtazamaji huliona kosa hilo kabla ya mengine yote. Kwa w/j ya 1.67 wakati wa utulivu na 2.07 wakati wa kutabasamu, tabasamu ni min(max((w/j - 1.67)/0.4, 0), 1). Mviringo hutumia tofauti ya upande wa pili, 1.67 - w/j, ukigawanya kwa kiasi mdomo unavyojikunja kwenye neno “moto”.

Funguka na tabasamu zikifika 1 kwa pamoja, nukta za pembeni hujumlisha safari zote mbili na kupita mpaka. Tengeneza umbo la nne, marekebisho, linalozirudisha nyuma, na thamani yake iwe funguka mara tabasamu. Litafanya kazi pale tu yanapokutana.

Ukiona mwendo umelainika mno na hauna ladha ya katuni, chagua Empty zote na utumie Bake Action, inayoandika mwendo wao fremu kwa fremu, ukiwa umewasha Visual Keying na Clear Constraints. Mtetemo uliobaki upunguze kwenye Graph Editor, menyu ya Key, Smooth. Kisha ongeza Stepped Interpolation ya hatua 2, inayoshikilia kila pozi kwa fremu mbili, kwenye kila mchirizi wa mwendo, hatua zote zianzie fremu moja, la sivyo pembe moja ya mdomo itatangulia nyingine. Cheza tena sentensi ya uji kwa kasi kamili ukiwa na sauti: kama midomo inafumba kwa kuchelewa fremu moja, sogeza sauti mbele kwa fremu hiyo moja kwenye Sequencer, usiguse vipimo.