Samaki wamekufa na ugonjwa? Neti na hosi zisirudi tangini hivihivi

Jamani wafugaji wenzangu wa Kigoma, nyie wenye matangi ya samaki wa mapambo na nyie mnaolea vifaranga wa samaki huku Kibirizi na Ujiji, ugonjwa ukipita watu wanamwaga maji, wanasuuza harakaharaka, kesho wanaweka samaki wapya, wakifa tena lawama zote anabeba aliyewauzia hao vifaranga. Kumbe ugonjwa haujaenda popote, umebaki kwenye neti, kwenye hosi, kwenye sponji ya filta.

Kazi kubwa ni kusugua, dawa inafuata baadae. Chukua hosi iliyokaa tangini ingiza kidole kwa ndani, utagusa ute unaoteleza, vijidudu wamejificha humo na klorini, ile dawa iliyomo kwenye jiki, ikikutana na huo ute inaishiwa nguvu hapohapo kabla haijawafikia. Kwa hiyo brashi na sabuni kwanza, suuza mpaka povu liishe kabisa. Sponji na mbao we choma tu, bei yake haifiki hata robo ya hasara utakayopata.

Halafu ndo jiki, ile isiyo na manukato. Soma lebo, kama ni asilimia 3.5 basi mililita 115 hivi, karibu nusu kikombe, kwenye ndoo ya lita 20, unapata kama miligramu 200 za klorini kwa lita. Loweka saa 1 nzima, vyote vizame, tena kivulini maana jua linaimaliza klorini. Chupa iliyokaa wazi miezi usiitegemee.

Sasa hili ni la kwetu sisi: maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi kwenye maji) ya karibu 9, yaani yako upande wa magadi, na klorini kwenye maji ya hivyo inafanya kazi taratibu sana, tumia maji ya mvua kama unayo, kama huna ongeza muda wa kuloweka. Ila usije ukatia siki au dawa ya choo ili kuyarekebisha, nakuomba sana, inatoka gesi ya sumu inachoma mapafu! Vaa glavu, fanyia nje penye hewa.

Ukitoa suuza mara kadhaa, anika juani mpaka vikauke na harufu iishe, klorini kidogo tu iliyobaki inaunguza matamvua ya samaki. Maji ya dawa usiyamwage ziwani. Na kila tangi liwe na neti yake.

Kama samaki walikuwa wanakonda, migongo inapinda, wana vidonda visivyopona, inaweza kuwa kifua kikuu cha samaki, na hicho klorini ya kipimo hiki hakiogopi. Vifaa vikishasafishwa vikakauka, vipanguse kwa spiriti ya asilimia 70, mbali na moto. Wadudu wake wanaingia hata kwa mtu kupitia mchubuko mkononi, kwa hiyo ukiona kijivimbe kidoleni hakiponi wiki na wiki, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga samaki, bila hivyo hawezi kukisia.