Namna ya Kuandika Wasifu na Barua ya Maombi ya Kazi: Mwongozo kwa Wahitimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa au wa chuo cha ufundi cha VETA Iringa anapokaa kuandika wasifu wake kwa mara ya kwanza, sehemu ya elimu hujaa upesi na sehemu ya uzoefu hubaki tupu. Mara nyingi utupu huo si wa kweli. Kijana huyo amewahi kupima kahawa kwenye chama cha ushirika Mbozi, kupanga nyaraka za malori katika ofisi ya wakala wa forodha Tunduma, au kuhudumia wageni katika banda la maonesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, lakini kwa kuwa hakuwa na barua ya ajira, haihesabu shughuli hiyo kuwa kazi. Mwajiri hawezi kukisia jambo ambalo halikuandikwa.

Anza na tangazo la kazi, si na karatasi tupu. Lisome mara mbili, kisha pigia mstari kila jukumu na kila sifa iliyotajwa. Tuseme kiwanda cha chai Mufindi kinatafuta karani wa stoo atakayepokea na kutoa mali, kutunza leja na kuandaa taarifa ya kila wiki. Hayo majukumu matatu ndiyo yatakayoamua mambo gani ya maisha yako yaingie kwenye wasifu, na yapi yatangulie. Wasifu mmoja unaotumwa kwa mwenye stoo, kwa shule binafsi na kwa benki bila kubadilishwa hata mstari mmoja haumjibu yeyote kati yao.

Sehemu ya uzoefu ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Mstari unaosema "Nilifanya kazi kwenye chama cha ushirika" haumwambii msomaji lolote. Ulinganishe na huu: "Karani wa mizani wa muda, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Mbozi, Juni hadi Septemba 2023. Nilipima kahawa ya wakulima, nikaandika uzito kwenye leja na stakabadhi, na kila jioni nikalinganisha jumla ya leja na mzigo uliopokelewa ghalani." Mstari wa pili una cheo, mahali, kipindi na matendo, na yule mwenye stoo ya Mufindi anauelewa mara moja, ingawa yeye anashughulika na chai. Neno "wa muda" liache lilivyo, kwa maana kazi ya msimu ni kazi, na kuificha hali hiyo kutakuumbua mtu akipiga simu kuuliza. Mafunzo kwa vitendo yaandikwe kwa mtindo huohuo, na kujitolea vilevile. Takwimu zinasaidia sana, lakini weka zile tu unazoweza kuzieleza mbele ya jopo la usaili bila kubabaika.

Mambo mengine ya wasifu ni mepesi zaidi. Majina yako yafanane na yaliyo kwenye vyeti na kwenye kitambulisho cha Taifa. Kama yanatofautiana, shughulikia tofauti hiyo mapema kabla tangazo unalolisubiri halijatoka. Elimu ianze na ya karibuni kurudi nyuma, na shule ya msingi inaweza kuachwa na mtu mwenye stashahada au shahada. Dini, kabila, majina ya wazazi na orodha ya mambo unayopenda, kama vile kusikiliza muziki, havina kazi hapo. Kuhusu kompyuta, "ninajua kompyuta" ni maneno matupu. Sema kwamba unaweza kutengeneza jedwali la mapato na matumizi kwa Excel, kama kweli unaweza. Lugha za nyumbani huachwa nje na karibu kila mwombaji, na kwa maoni yangu hilo ni kosa pale ambapo kazi yenyewe ni ya vijijini: afisa ugani au mkusanyaji wa takwimu anayezungumza Kinyakyusa, Kihehe au Kibena ana sifa ambayo mwenzake hana, basi na aiandike.

Wadhamini watatu wanatosha. Wawe watu waliowahi kukusimamia, kama mhadhiri au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, wasiwe ndugu zako, na waombwe ridhaa kabla namba zao hazijaandikwa.

Barua ya maombi bado inafuata umbo tulilofundishwa shuleni, yaani anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa kinachoanza na YAH, mwili, saini na jina kamili, na hakuna sababu ya kuliacha. Kinachohitaji kubadilika ni maneno ya ndani. Barua nyingi huanza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25 na afya njema." Mistari ya kwanza, ambayo ndiyo yenye uhakika wa kusomwa, imekwisha bila kugusa kazi inayoombwa. Afadhali uandike: "Ninaomba nafasi ya karani wa stoo iliyotangazwa tarehe 4 Machi. Kwa msimu mzima nilitunza leja ya mizani ya chama cha ushirika Mbozi, na nina stashahada ya ununuzi na ugavi."

Aya ya pili ichukue jukumu moja au mawili ya tangazo na kueleza kwa kirefu kidogo ulipowahi kuyatekeleza. Isirudie wasifu wote. Aya ya mwisho iseme lini unaweza kuanza na unapatikana kwa njia gani. Usieleze ugumu wa maisha wala kuandika kwamba uko tayari kwa "kazi yoyote itakayopatikana", kwani anayetafuta karani wa stoo anataka mtu aliyekusudia kuwa karani wa stoo. Barua iwe ukurasa mmoja, katika lugha iliyotumika kwenye tangazo isipokuwa umeelekezwa vinginevyo. Kama unachapiwa steshenari, isome yote kabla ya kulipa, maana mchapaji huweza kutumia barua ya mteja aliyetangulia, na barua ya kwenda Mbeya mjini ikabaki na jina la kampuni ya Makambako katikati ya aya.

Kazi nyingi za serikali huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na humo namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) inahitajika. Matangazo yake kwa kawaida hutaka barua iliyosainiwa na nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria, wala hayapokei hati za matokeo badala ya vyeti. Skani nyaraka hizo mapema, kwa sababu siku ya mwisho mfumo huweza kuelemewa. Kuhusu kughushi, inatosha kukumbuka kwamba mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900, baadhi yao wakiwa wamefanya kazi kwa miaka mingi.

Kwa mwajiri binafsi anayepokea maombi kwa barua pepe, tuma faili za PDF zenye jina lako na nafasi unayoomba, si picha za karatasi zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili na uombe ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa masijala. Itunze pamoja na tangazo lenyewe, kwa kuwa wito wa usaili unaweza kuja baada ya wiki nyingi, na maswali ya jopo yatatoka kwenye yale uliyoyaandika humo.