Begi la miezi sita kwa anayefanya kazi akiwa safarini

Nilikaa Bangkok miezi sita nikiwafanyia hesabu wateja wa Dar es Salaam na Nairobi. Nilikwenda na sanduku la kilo 23, na nusu ya vilivyokuwemo sikuvigusa. Vilivyonilisha vilikuwa mgongoni.

Hatua ya 1: Cha kazi kikae mgongoni. Kompyuta, chaja, hedifoni ya waya, diski ya nakala. Sanduku likibaki Doha, nguo utanunua sokoni jioni hiyo hiyo. Faili za mteja haziuzwi sokoni.

Hatua ya 2: Umeme. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ukiona 100–240V, unahitaji adapta tu. Plagi yetu ya miguu mitatu haiingii kwenye soketi nyingi za Thailand, kwa hiyo nilibeba adapta moja na ekstensheni ya nyumbani yenye matundu manne, basi. Pasi ya nywele ya 230V usiipeleke Marekani. Kwenye 120V itaishia uvuguvugu.

Pawabenki haikai kwenye sanduku la kupakiwa chini, ni ya mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100: zidisha mAh (ujazo ulioandikwa juu yake) kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa 74, inapita. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu moja kwa kila abiria na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

Hatua ya 3: Laini yako ya nyumbani. Hapa ndipo nilipoumia. Niliiacha kwenye kisimu cha tochi, kabatini kwa mama Tanga, nikaweka laini ya kule. Siku ya kulipa pango, benki ikatuma namba ya siri kabatini. Mama akatafuta miwani, akaanza kunisomea kwa WhatsApp: “Sita... hii tisa au sita, mwanangu?” Alipomaliza, muda wa namba ulikuwa umekwisha. Tulirudia mara tatu.

Ondoka na laini yako, na simu yenye nafasi mbili. Washa huduma ya kutumika nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, kisha hakikisha ujumbe wa benki unafika mara tu ukitua. Iongezee salio mara kwa mara isije ikafungwa. Laini zetu za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na kidole hakitumwi kwa WhatsApp.

Hatua ya 4: Karatasi. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Thailand inawadai Watanzania na Wakenya kadi ya homa ya manjano. Chanja angalau siku 10 kabla. Tangu Julai 2016 kadi hiyo haiishi muda.

Hatua ya 5: Nguo. Za wiki moja. Na kikoi: ni taulo, shuka, pazia, na hukauka kabla hujamaliza chai.

Maswali ya wanachama

*Kaka, natumia dawa za presha. Nibebe za miezi yote?*
Beba, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa. Uangalifu zaidi uwe kwa dawa za maumivu kama tramadol: ukipanga kuingia Dubai, tafuta kibali mapema.

*Viza ya utalii inatosha?*
Hiyo si ya kufanyia kazi. Thailand ilianzisha viza ya DTV, inayowafaa wanaofanya kazi kwa mbali, mwaka 2024, ya miaka mitano, siku 180 kila unapoingia. Utaonyesha akiba ya bati (fedha ya Thailand) 500,000, kwa hiyo anza kuweka sasa.

*Kompyuta ikifa huko?*
Nakili kazi kila jioni. Ukinunua nyingine, kagua kibodi kwanza. Nyingi zina herufi za Kithai juu ya zetu.

*Na unga wa dona, je?*
Dada yangu, nilibeba kilo mbili. Chumba kilikuwa na jiko la umeme la sahani moja, mwiko sikuwa nao, nikasongea kijiko cha chuma mpaka kikapinda. Ugali nilikula mara mbili. Uliobaki waliula wadudu.