SOMO: Gobore likipata moto, shabaha inapotea. Fanya hivi

Kila wiki naulizwa lilelile: "Risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja, kuanzia ya nne zinatawanyika, nibadilishe darubini?" Usibadilishe. Naandika mara moja, someni hapa. Niko Indiana, Marekani, ambako gobore ni mchezo wenye heshima zake. Chama cha taifa cha wapigaji wa magobore, cha tangu 1933, viwanja vyake viko hapahapa Friendship. Langu ni la kisasa, tundu nusu inchi, na risasi inakaa ndani ya saboti, yaani kikombe cha plastiki.

1. Futa mafuta yote ndani ya mtutu.

2. Fyatua fataki mbili (viwashio vya baruti) tupu, bila baruti wala risasi, kuelekea shabaha, zikaushe kilichobaki.

3. Pima baruti kwa kipimo. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti: cheche ikiwa bado iko chini, pembe nzima inalipukia mkononi.

4. Ingiza risasi na saboti yake, shindilia mpaka alama uliyochora kwenye mdeki, yaani fimbo ya kushindilia.

5. Piga. Pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu.

6. SUBIRI. Hapa ndipo nilipoharibu. Agosti moja nilipiga risasi 12 bila kupumzika. Kuanzia ya tano zikawa zinapanda na kwenda kulia, nami nikazungusha darubini kuzifuata. Uwanja uliposimamishwa tukaenda mbele, nikaokota saboti zangu kwenye majani. Baadhi zilikuwa zimefunguka mbawa nne sawasawa kama ua. Nyingine zilikuwa zimepinda upande mmoja, na moja ilichanika hadi kwenye kitako. Plastiki ililegea kwa joto, haikushika tena risasi vizuri. Desemba, msimu wa kulungu, mtutu baridi kabisa, risasi ikapita chini kushoto. Mnyama ninayemngoja mwaka mzima akaondoka, kwa sababu darubini niliilinganisha na mtutu wa moto.

Kwa hiyo: gusa mtutu kwa kiganja, ubavuni karibu na kitako, kamwe usipitishe mkono mbele ya mdomo. Ukisikia joto, bado. Lisimamishe wima kivulini, likiwa tupu. Mimi kiangazi hungoja dakika 10, wakati mwingine zaidi. Usilishindilie kisha ukaliacha lipoe limejaa. Saboti itaiva humo ndani.

MASWALI

Swali: Uwanja wetu unafungwa saa kumi. Nipozeje kwa dakika moja?
Jibu: Hupozi. Piga risasi chache.

Swali: Nikitumia baruti isiyo na moshi, uchafu si utapungua?
Jibu: Usithubutu. Mtutu utapasuka usoni pako. Baruti nyeusi, au mbadala uliotengenezwa kwa magobore, basi.

Swali: Mimi napiga kumi mfululizo na zote zinaingia. Unatisha watu bure.
Jibu: Umbali gani, kaka? Yadi 25 hata mimi zinaingia. Weka karatasi yadi 100, andika namba kando ya kila tundu kwa mpangilio uliopiga, kisha turudi tuzungumze.

Swali: Shikamoo mzee. Chuma kikipata moto, tundu linabana au linapanuka?
Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Linapanuka, kwa sababu chuma chote kinakua pamoja na tundu lake. Lakini piga hesabu: tundu la milimita 12.7 likiongezeka nyuzi 40 za joto linakua takriban milimita 0.006. Hiyo haipotezi shabaha. Kinachopoteza ni plastiki kulegea, na masizi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki yabisi. Mtutu wa moto huyakausha yakawa gamba gumu, na risasi haishuki tena mahali palepale.

Swali: Natumia risasi ya duara na kitambaa. Yananihusu?
Jibu: Yanakuhusu, dada. Mafuta ya kitambaa hukauka. Okota vitambaa vyako: vikiwa na matundu ya kuungua, umeharakisha au mafuta hayatoshi.

Swali: Kwenye darubini shabaha yangu inacheza kama iko chini ya maji.
Jibu: Ni hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mtutu. Wengine hutandaza utepe mpana wa kitambaa juu ya mtutu, kuanzia darubini hadi karibu na mdomo, hewa ikapandia pembeni. Unasaidia macho tu, haupozi chuma. Ukimaliza uondoe, mtutu upumue.